Kodi Haijatimia na Tarehe Imefika

Barua nyingi zilizotufikia mara hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: pesa ipo, ila haifiki kodi nzima ya nyumba. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanawafaa wengi. Tarakimu za mifano hatukuzipa jina la sarafu, weka zako. Sheria za upangaji hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo tunaposema "uliza kwanza", nenda ukaulize kweli, kwenye ofisi ya msaada wa kisheria au baraza la mambo ya nyumba mahali ulipo.

Kazini tumepunguziwa siku. Kodi yangu ni 12,000 na tarehe 1 nitakuwa na 8,000 tu. Jirani ananishauri nikae kimya mpaka zitimie, eti mwenye nyumba akishapokea pungufu atajua sina kitu. Nifuate ushauri huo?
*Mpangaji wa siku nyingi*

Usiufuate. Ukilipa 8,000 unadaiwa 4,000. Ukinyamaza unadaiwa 12,000, na zile 8,000 ulizozishika hazitakaa salama hata wiki mbili. Zitaliwa na mahitaji mengine. Mwenye nyumba naye ana mahesabu yake, pengine mkopo wa jengo, pengine ada za watoto. Pungufu inayotajwa mapema anaweza kuipangia. Ukimya hawezi kuupangia chochote, ndiyo maana humkasirisha kuliko pungufu yenyewe.

Mjulishe siku saba hivi kabla ya tarehe. Kabla ya tarehe wewe ni mpangaji anayeomba utaratibu; baada yake ni mdaiwa anayejieleza. Mpigie simu kwanza kama ndiyo desturi yenu, lakini fuatisha maandishi siku hiyo hiyo. Ujumbe wa simu unatosha, na usizidi hapa:

"Shikamoo mzee. Mimi ni mpangaji wa chumba namba 4. Kazini tumepunguziwa siku kuanzia mwezi huu, kwa hiyo tarehe 1 nitalipa 8,000 badala ya 12,000. Baki ya 4,000 nitaimaliza kwa mafungu mawili: 2,000 tarehe 15 na 2,000 tarehe 29. Barua ya mwajiri nimeiambatisha. Naomba unijulishe kama utaratibu huu unakufaa."

Angalia kilichomo: unalipa ngapi na lini, baki ni ngapi na itakuja lini, sababu kwa sentensi moja, na ushahidi. Simulizi ndefu za shida huwafanya watu watafute palipo na uongo. Na hiyo tarehe 15 usiiokote hewani, iwe siku ambayo pesa inaingia mkononi mwako. Wengi huandika tarehe inayopendeza machoni, kisha ahadi ya kwanza inavunjika na ya pili haisikilizwi tena.

Unapolipa, taja pesa ni ya nini: "Kodi ya mwezi wa sita, sehemu ya kwanza, baki 4,000." Hili linaonekana dogo, lakini lina uzito. Katika sheria za nchi nyingi, mwenye madeni zaidi ya moja kwa mtu yule yule ana haki ya kusema, wakati wa kulipa, pesa inaingia kwenye deni lipi. Asiposema, mpokeaji anaweza kuchagua. Ndivyo 8,000 zako zinavyoweza kumezwa na bili ya zamani ya maji au faini ya kuchelewa, na kodi ya mwezi huu ikaonekana haijalipwa hata senti.

Risiti ionyeshe kiasi, mwezi na baki. Kama mwenye nyumba haandiki risiti, lipa kwa njia inayoacha alama, yaani benki au simu, kisha mwandikie: "Nimetuma 8,000 za kodi ya mwezi wa sita, zimebaki 4,000." Ukilipa taslimu, andikeni karatasi mbili, kila mmoja asaini zote na abaki na yake. Kwenye malipo pungufu usiandike "malipo kamili" ukidhani utamnasa. Haikusaidii, na inaharibu uhusiano unaouhitaji.

Vipi akikataa pungufu? Si lazima iwe roho mbaya. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kwa mfano, mwenye nyumba akipokea sehemu ya kodi baada ya kutoa notisi ya kumtaka mpangaji alipe au ahame, notisi hiyo yaweza kupoteza nguvu na akalazimika kuanza upya, kwa hiyo mawakili huwashauri wasipokee. Lako ni kuandika kwamba ulizileta, tarehe fulani, na kwamba zipo tayari. Kisha ziweke kando kabisa, mahali ambapo mkono wako haufiki kila siku. Kosa la kawaida hapa ni kuzitumia kwa kuwa "amezikataa mwenyewe". Akibadili mawazo baada ya siku kumi, au hakimu akikuuliza ziko wapi, huna jibu.

Mwenye nyumba wangu ni mama mpole. Nilipomweleza hali alisema, "Wewe lipa unachoweza, tutaelewana." Hiyo inatosha?
*Mama wa watatu*

Upole wake ni mtaji, lakini maneno hayo yanabeba maana tatu. Huenda amekupunguzia kodi moja kwa moja. Huenda ameahirisha, na baki yote inahesabiwa. Au huenda anasema tu kwamba hatakutoa kwa sasa. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na shida zake au nyumba ikiwa mikononi mwa mwanawe, maana itakayokumbukwa ni ile ya pili.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali nyingi zilizuia watu kutolewa majumbani. Marekani, amri ya kitaifa iliyoanza Septemba 2020 ilidumu hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoisimamisha Agosti 2021. Amri hiyo ilizuia kufukuzwa, haikufuta kodi. Walioielewa kama msamaha walikuta deni la miezi mingi likiwasubiri. Makubaliano ya mdomo kati ya watu wawili huharibika kwa njia hiyo hiyo.

Mwandikie kwa adabu, kama anayemkumbusha walichoongea: "Mama, nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba kuanzia mwezi wa saba hadi wa tisa nitalipa 9,000 kwa mwezi, kuanzia wa kumi narudi 12,000, na zile 3,000 za kila mwezi umezisamehe, hakuna faini. Kama nimeelewa vibaya naomba unisahihishe." Akijibu "sawa mwanangu", umepata maandishi. Akisema hakusamehe, bora ujue leo, ingali 3,000 na haijawa 9,000.

Kama nyumba inasimamiwa na wakala, hakikisha aliyekubali ana mamlaka ya kukubali. Neno la mlinzi au msimamizi wa usafi kwa kawaida halimfungi mwenye mali, hata kama ndiye anayekusanya kodi.

Nina malimbikizo ya miezi mitatu, 36,000. Sasa nimepata kazi. Nimeambiwa nipeleke pendekezo la kulipa kidogo kidogo. Nianzie wapi?
*Nimerudi kazini*

Anza na deni lenyewe kabla ya mafungu. Omba mchanganuo wa maandishi: mwezi gani, kiasi gani, faini ipi na kwa kifungu kipi cha mkataba, maji au taka ni ngapi. Uulinganishe na risiti zako mstari kwa mstari. Makosa hayakosekani: malipo yaliyoingia kwa jina la mtu mwingine, mwezi uliohesabiwa mara mbili, faini isiyotajwa popote kwenye mkataba. Usisaini karatasi ya kukiri deni kabla ya zoezi hili, maana ukishakiri 36,000 ni vigumu kurudi ukasema zilikuwa 31,000.

Halafu pima uwezo wako. Chukua kipato cha mwezi mbaya kuliko yote kati ya mitatu ijayo unayoitarajia, usichukue wastani. Toa chakula, nauli ya kwenda kazini, nishati, dawa na ada zisizokwepeka. Tuseme zinabaki 14,500. Kodi ya mwezi ni 12,000, kwa hiyo ziada ni 2,500. Ahidi 2,000. Zile 500 ni za mtoto kuugua au kiatu kukatika, na hakuna mwezi usio na lake.

36,000 kwa 2,000 ni miezi 18, na wengi hawatakubali kungoja hivyo. Kuna njia mbili za kuifupisha. Ya kwanza ni kutanguliza fungu kubwa: ukitoa 6,000 mwanzoni, baki ya 30,000 inakwisha kwa miezi 15. Ya pili ni kupanda ngazi: 2,000 kwa miezi sita ya kwanza, ambazo ni 12,000, kisha 3,000 kwa miezi minane, ambazo ni 24,000, jumla miezi 14. Ngazi iandikwe tu kama unajua kwa hakika ziada itatoka wapi, kwa mfano mkopo mwingine unaokwisha mwezi wa sita. Matumaini ya kupandishwa mshahara hayaingii kwenye hesabu hii.

Kila mwezi lipa kwanza kodi ya mwezi huo, kisha fungu la deni, na useme hivyo kwenye malipo. Anayepeleka pesa yote kwenye deni la zamani huku kodi mpya inabaki nyuma hajalipa kitu, amehamisha deni kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine.

Soma kwa makini makubaliano utakayoletewa. Mara nyingi kuna sentensi inayosema ukikosa fungu moja, deni lote linadaiwa papo hapo. Omba ziwekwe siku tano au saba za neema, na iandikwe kwamba maadamu unalipa, hakuna notisi itakayotolewa kwa deni hilo. Kama kesi ilishafunguliwa, makubaliano yaingizwe kwenye jalada la kesi. Karatasi ya mezani haisimamishi shauri lililoko mahakamani, na wapo walioendelea kulipa kwa uaminifu huku hukumu ikitoka bila wao kuwepo.

Na kama una wadai wengine, usiwapange kwa ukali wa simu zao. Wapange kwa kile unachoweza kupoteza. Nyumba, chakula, umeme na kinachokufikisha kazini hutangulia. Mkopeshaji asiye na dhamana ya mali yako anaweza kupiga simu mara ishirini kwa siku, lakini hana funguo za chumba chako.

Kwa nini nisimwambie akate kwenye dipoziti? Si pesa yangu?
*Kijana wa ghorofa ya pili*

Ni yako, ila dipoziti, yaani amana, imefungwa kwa kazi nyingine: uharibifu na madeni siku unapotoka. Ukiila sasa, mwenye nyumba anabaki bila kinga, na hiyo ndiyo sababu wengi hukataa. Hukubali kwa urahisi zaidi katika hali mbili. Moja, umeshatoa notisi na tarehe ya kutoka inajulikana. Hapo mwite akague nyumba kabla, mpige picha kila chumba, mwandike kwamba hakuna uharibifu na amana italipa mwezi wa mwisho. Mbili, umeahidi kuirudisha: 12,000 zinakatwa sasa, unazijaza kwa 1,500 kila mwezi kwa miezi minane. Usiache kulipa ukidhani amana itajilipa yenyewe. Bila maandishi, mwezi huo ni deni la kawaida. Kuna nchi ambazo amana hushikwa na mtu wa tatu, na huko hata mwenye nyumba hawezi kuigusa apendavyo.

Kuna mikopo ya simu inayotoka dakika tano. Nikikopa 4,000 kila mwezi kuziba pengo kuna ubaya gani, mradi kodi inalipwa kamili?
*Mchuuzi*

Tuihesabu. Uwezo wako ni 8,000, kodi ni 12,000, na mkopo una gharama ya 10 kwa mia kwa mwezi, ambayo kwa mikopo ya aina hii si kubwa hata kidogo. Mwezi wa kwanza unakopa 4,000, unarudisha 4,400. Mwezi wa pili unahitaji 12,000 za kodi na 4,400 za mkopo, jumla 16,400. Una 8,000, unakopa 8,400. Mwezi wa tatu unarudisha 9,240, kwa hiyo unakopa 13,240. Ukifika mwezi wa sita unakopa karibu 30,860, na kinachodaiwa mwezi unaofuata ni karibu 33,950. Ungebaki na pengo lile lile kama deni la kodi lisilo na faini, ungedaiwa 24,000. Tofauti, karibu 9,950, inazidi robo tatu ya kodi ya mwezi mzima, na hakuna ulichopata zaidi ya kubadilisha mdai. Kabla ya kufika huko mkopeshaji atakuwa ameshakataa kukuongezea kiwango, na siku hiyo pengo linarudi likiwa na mwenzake.

Mkopo una maana pale pengo linapokuwa la mara moja, pesa ya kulirudisha ina tarehe inayojulikana, na gharama yake ni ndogo kuliko faini ya kuchelewesha kodi. Ukihitaji, anza na usio na riba: muombe mwajiri sehemu ya mshahara mapema, kwa barua, ukipendekeza makato ya miezi minne badala ya mwezi mmoja. Ikikatwa yote mwezi ujao, umesogeza shimo tu.

Kwa biashara ya mchuuzi kuna jambo jingine linalopuuzwa: ratiba. Kama pesa yako inaingia kila siku au kila wiki, kodi ya mara moja kwa mwezi inakuumiza bure. Omba kulipa 3,000 kila wiki. Jua tu kwamba wiki nne ni siku 28, na karibu miezi yote ina siku 30 au 31, kwa hiyo kwa mwaka zipo wiki 52, sawa na 156,000, ilhali kodi ya miezi kumi na miwili ni 144,000. Andikeni kwamba unalipa mafungu manne kwa mwezi wa kalenda, la sivyo unampa kodi ya mwezi wa kumi na tatu.

Tulikuwa wawili kwenye mkataba. Mwenzangu kahama ghafla. Nalipa nusu yangu kama kawaida lakini mwenye nyumba ananidai zote. Ana haki? Na je, naweza kumwingiza mtu mwingine?
*Nimebaki peke yangu*

Tafuta kwenye mkataba maneno kama "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Kama yapo, ana haki: kila aliyesaini anadaiwa kodi nzima, na mgawanyo wa nusu kwa nusu ulikuwa wenu wawili. Unaweza kumdai mwenzako, na unapaswa kumwandikia sasa hivi, lakini mwenye nyumba halazimiki kukungoja umpate. Kuondoka kwake pia hakumtoi kwenye mkataba. Jina lake liondolewe rasmi, ama sivyo anaweza kurudi hata baada ya wewe kumweka mtu mwingine.

Kumwingiza mtu mara nyingi kunahitaji ruhusa ya maandishi. Kupangisha bila ruhusa, kwa mikataba mingi, ni kosa linalotosha kuvunja mkataba hata ukiwa hudaiwi kitu. Amua pia ni kwa namna gani. Akiingia kwenye mkataba mkuu, mnadaiwa wote. Akipanga kwako, wewe ni mwenye nyumba wake: yeye asipolipa, wewe bado unadaiwa 12,000 kamili. Kwa hiyo mwandikiane kiasi, tarehe, maji na umeme vinagawanywaje, na notisi ya kutoka ni siku ngapi. Tarehe yake ya kulipa iwe siku tano kabla ya yako. Siku tano hizo ndizo utakazotumia kutafuta pesa akishindwa.

Paa linavuja tangu mvua zianze. Kwa kuwa sina kodi kamili, nikimwambia nimekata kwa sababu ya paa si itakuwa halali?
*Chini ya bati*

Hapa umeunganisha mambo mawili ambayo yakitenganishwa kila moja lina nguvu. Kushikilia kodi kwa sababu ya ubovu kunaruhusiwa katika baadhi ya nchi, mara nyingi kwa masharti: notisi ya maandishi, muda wa kutosha wa kutengeneza, na pengine pesa iwekwe mahakamani au kwenye akaunti maalumu. Kwingine hakuruhusiwi kabisa, na kodi iliyokatwa ni deni kama deni jingine. Hakimu akiona malalamiko ya paa yameanza siku ile ile kodi iliposhindikana, atayapima kwa mashaka. Uliza kwanza.

Paa lisaidie kwenye meza ya mazungumzo. Piga picha, andika tarehe za kila mvua na kilicholowa, mpelekee kwa maandishi, kisha pendekeza kodi ishuke hadi litengenezwe. Au, kama una ufundi, pendekeza kazi badala ya kodi. Hapo kubalianeni kabla ya kugusa bati: vifaa ananunua nani, ufundi unathaminiwa kiasi gani, na ukimaliza anakuandikia risiti ya kodi, si asante. Kazi iliyofanywa kwanza na kuthaminiwa baadaye daima huonekana ndogo kwa aliyefanyiwa.

Nimepewa notisi ya siku 14. Ametishia kubadilisha kufuli na kukata umeme zikiisha. Nitoke?
*Mwenye wasiwasi*

Notisi ni taarifa ya mwenye nyumba. Amri ya kukutoa hutoka mahakamani au kwenye baraza, na katika nchi nyingi kubadilisha kufuli, kung'oa mlango au kukata umeme ili utoke bila amri hiyo ni kinyume cha sheria, hata kama deni ni la kweli. Kwa hiyo usihame kwa hofu, lakini usiipuuze karatasi. Andika ilikufikia siku gani na kwa mkono wa nani, hesabu siku zake, peleka nakala kwa msaada wa kisheria siku hiyo au kesho yake, na mpelekee pendekezo la malipo kabla ya siku ya mwisho.

Kila unachoweza kulipa kilipe, kwa sababu sheria nyingi hupima deni kwa miezi. Ujerumani, kwa mfano, deni linalofikia kodi ya miezi miwili linampa mwenye nyumba haki ya kuvunja mkataba papo hapo. Mpangaji akilipa deni lote ndani ya miezi miwili tangu afikishiwe kesi ya kumtoa, uvunjaji huo unabatilika, ingawa kinga hiyo haitumiki tena ndani ya miaka miwili inayofuata. Kwenu kipimo kitakuwa kingine. Ulizia hasa mambo mawili, deni kiasi gani linaruhusu kesi na mpaka lini malipo yanaweza kuisimamisha.

Jiandae pia kwa ubaya. Piga picha za vitu vyako vyote, andika orodha, na vitambulisho, vyeti, dawa na risiti za kodi viweke kwa mtu unayemwamini. Ukikuta kufuli jipya usivunje. Piga picha, ita mashahidi wawili, ripoti polisi upate namba ya taarifa, na uombe mahakama ikurejeshe. Sehemu nyingine sheria humruhusu mwenye nyumba kukamata mali kwa ajili ya kodi kupitia dalali aliyepewa leseni. Muombe dalali huyo leseni na hati yake, na orodha iliyosainiwa ya kila anachochukua.

Wito wa mahakama ukija, nenda. Mpangaji asiyetokea huamuliwa kwa maneno ya upande mmoja. Nenda na mkataba, risiti, ujumbe wote wa simu uliochapishwa, barua ya mwajiri na pendekezo lako la mafungu.

Mshahara wangu hautarudi ulivyokuwa. Nimekuwa nikipungukiwa 4,000 kila mwezi na sioni mwisho. Nihame usiku nimwachie amana yake?
*Nimechoka*

Uhame, ndiyo, ila mchana. Pengo lisilo na mwisho halizibwi kwa mafungu, na kila mwezi unaokaa unaongeza 4,000. Linganisha: kuhama kunagharimu usafiri wa vitu, amana mpya na kodi ya kwanza. Tuseme vyote ni 20,000 na nyumba mpya ni 7,500. Unaokoa 4,500 kwa mwezi, gharama inarudi ndani ya miezi mitano. Kama hesabu yako inatoa miaka miwili, jaribu kwanza kuomba kodi ishushwe, hasa kama vyumba jirani viko wazi. Chumba kitupu miezi miwili kinampotezea mwenye nyumba 24,000, na hilo analijua kuliko wewe.

Anayetoroka usiku hadaiwi kidogo. Kodi inaweza kuendelea kuhesabiwa mpaka muda wa notisi uishe, amana inapotea bila hesabu, uharibifu wowote unaandikwa kwa jina lake, na kama alikuwa na mdhamini, mlango unaofuata kugongwa ni wa huyo ndugu au mjomba aliyemsainia.

Nenda na pendekezo hili: unatoka mapema, tarehe fulani, nyumba ikiwa safi na tupu, amana inalipa sehemu ya deni, na baki ama inasamehewa ama inalipwa kwa fungu dogo kutoka nyumba mpya. Wengi hukubali, kwa kuwa kesi inachukua miezi na mpangaji mpya anayelipa yupo. Siku ya kutoka someni mita za maji na umeme pamoja, pigeni picha, hesabuni funguo, na muandike mistari mitatu: funguo zimepokelewa tarehe fulani, kodi imekoma tarehe hiyo, na deni lililobaki ni kiasi fulani au hakuna. Mdhamini wako apewe nakala. Karatasi hiyo usiitupe ukishahamia kwingine, maana muda wa kudai deni la mkataba mahakamani huhesabiwa kwa miaka.